Lisomwe Jina Gani?



Jambo hili lilianza kwenye daftari la matangazo ya ndoa. Katika parokia yetu hapa Lubumbashi ni kazi yangu, mimi katekista, kuandika majina ya wale wanaotaka kufunga ndoa takatifu, ili yasomwe mbele ya waamini Jumapili tatu. Mwaka jana alinijia mtu mmoja pamoja na mwanamke ambaye amekaa naye miaka mingi na kuzaa naye watoto wanne. Mtu huyo ni mlinzi wa usiku, au zamu kama tusemavyo hapa kwetu, kwenye duka la vyuma. Mtaa mzima wamjua, na mimi pia. Basi nikashika kalamu, nikaandika jina lake bila hata kumwuliza: Kadogo. Akaitazama karatasi, akatabasamu, akanyamaza.

Mwanamke ndiye aliyesema, "Mwalimu, hilo si jina."

Niliona haya. Nimekaa seminarini miaka kadhaa, nimefundishwa kwamba sakramenti hupewa mtu, wala haipewi sifa yake, na hapo hapo naandika jina la vita katika daftari la Kanisa kama vile naandika gunia la makala. Tangu siku ile nimekuwa nikiyafikiri majina na vyeo vya askari, na nimeona kwamba ndani yake mna swali kubwa linalotuhusu sisi sote, hata tusiovaa kombati.

Hapa Kongo neno kadogo halihitaji kuelezwa, lakini huenda kijana fulani hakuyaona mambo yale. Mwishoni mwa mwaka 1996 vita vilianza Kivu. Jeshi la AFDL, likiongozwa na Laurent-Désiré Kabila na kusaidiwa na Rwanda na Uganda, lilivuka nchi nzima kutoka mashariki hata magharibi. Njiani liliokota wavulana wengi, wengine kwa hiari ya kitoto, wengine kwa nguvu. Aprili 1997 liliingia Lubumbashi, na tarehe 17 Mei likaingia Kinshasa. Wale wavulana wakaitwa makadogo, yaani wale wadogo.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nawakumbuka wakipita barabarani kwa miguu, wamevaa mabuti ya mpira, na bunduki zao ndefu kama wao wenyewe. Sisi watoto wa mtaa tuliwatazama kwa wivu, niseme kweli. Mama yangu alimwita mmoja wao ampe maji ya kunywa, akamwambia, "Njoo, mwanangu." Yule mvulana akayanywa maji, akarudisha kikombe, akajibu kwa ukali kwamba yeye si mtoto wa mtu, yeye ni askari. Mama alisimama pale na kikombe mkononi muda mrefu.

Haya, tuanze na vyeo, kisha tuje kwenye majina ya utani, maana hayo mawili si kitu kimoja.

Yupo katika jumuiya yetu mzee mmoja, ajida mstaafu, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Vangu. Nilipomwambia kwamba vyeo vya jeshi ni kiburi kilichoshonwa begani, alikasirika. "Mwalimu," akasema, "jeshi lisilo na vyeo ni kundi la wezi. Cheo maana yake ni hii: wakifa hawa kumi, ataulizwa fulani. Wakiiba hawa kumi, ataulizwa fulani. Ondoa cheo, hataulizwa mtu."

Nimelitafakari neno lake, nami nakiri kwamba ana haki. Wala si yeye wa kwanza kulisema. Mnamkumbuka yule akida wa Kafarnaumu, aliyemwomba Bwana Yesu amponye mtumishi wake. Alimweleza Bwana jinsi amri inavyokwenda: yeye amewekwa chini ya wakubwa, na chini yake wapo askari ambao akiwatuma huenda na akiwaita huja. Tazameni mpango wa maneno yake. Alianza na walio juu yake, ndipo akawataja walio chini. Na kilichomleta kwa Yesu ni ugonjwa wa mtumishi, hakuja kuomba kupandishwa cheo. Bwana alistaajabia imani yake, na hata leo katika kila Misa, kabla ya Komunyo Takatifu, maaskofu, mapadre na waamini twasali kwa maneno yaliyotoka kinywani mwa askari yule. Jina lake hatulijui. Mwinjili ametuachia cheo tu, na cheo hicho kimekuwa sala.

Basi cheo ni kitu cha kuazimwa. Mtu huazimwa kwa ajili ya wale aliopewa awatunze, na siku moja hukirudisha. Shida huanza pale kinaponyimwa anayestahili, au kinapogawiwa kama karanga.

Kwetu Kongo yote mawili yalitokea, tena katika juma moja. Jeshi la zamani, Force Publique, lilianzishwa katika miaka ya 1880 chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Askari wake weusi waliwatesa wenyeji wengi kwa amri ya wazungu, jambo ambalo tusilifiche. Askari hao hao waliiteka Tabora mwaka 1916, na mwaka 1941 huko Saïo, Ethiopia, jenerali wa Kiitalia alijisalimisha mbele ya jeshi lao. Walikuwa mashujaa. Lakini hata kufika mwaka 1960 hapakuwa na afisa mweusi hata mmoja. Mtu mweusi alikuwa kaporali, au serja, yaani sajini kama wasemavyo Tanzania, na wachache sana katika siku za mwisho walifika ajida. Kutoka luteni kwenda juu wote walikuwa Wabelgiji. Serja wa miaka ishirini kazini alimpigia saluti kijana aliyeshuka jana kutoka ndege.

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 5 Julai Jenerali Janssens, mkuu wa jeshi, aliwakusanya wanajeshi wake huko Léopoldville, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Hesabu fupi, kama ya shule ya msingi. Siku hiyo hiyo askari waliasi. Kesho yake Waziri Mkuu Lumumba aliwapandisha askari wote ngazi moja, na baada ya siku chache maafisa wa Kibelgiji wakaondolewa katika ukubwa. Victor Lundula, aliyekuwa serja-meja katika Vita Kuu ya Pili, na ambaye alikuwa meya wa Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, alifanywa jenerali na mkuu wa jeshi lote. Joseph-Désiré Mobutu, aliyetoka jeshini mwaka 1956 akiwa bado katika vyeo vya maserja na kuwa mwandishi wa magazeti, alifanywa koloneli.

Wapo wanaocheka wanaposimulia mambo hayo, hasa wageni. Mimi sicheki. Mwenye kosa la kwanza ni yule aliyekataa miaka sabini kumfundisha mtu kazi kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, kisha akashangaa kwamba hajui. Hata hivyo, dhambi ya mwingine haimfundishi mtu kazi. Mtu aliyefika juu bila kupita katikati hajazoea kuulizwa, naye anaweza kukaa huko juu akidhani kwamba kuulizwa ni matusi. Yule koloneli wa 1960 alikuwa luteni jenerali alipochukua nchi tarehe 24 Novemba 1965. Vita viwili vya Shaba, mwaka 1977 na 1978, vilizimwa kwa msaada wa majeshi ya nje, Wamoroko kwanza, kisha Wafaransa na Wabelgiji. Na mwaka 1982 akawa marshali! Sijui kama mzee wangu ajida alicheka siku ile, nilipomwuliza, aliangalia mlango kwanza, kama vile bado ni 1982, halafu akasema, "Tulipiga saluti."

Na ni mtu huyo huyo aliyegusa majina yetu. Mwaka 1972 aliagiza Wakongo, walioitwa wakati ule Wazairi, waache majina ya ubatizo ya kigeni. Padre aliyebatiza kwa jina la namna hiyo alitishiwa kifungo. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Yeye mwenyewe Mobutu akaacha Joseph-Désiré, akajiita kwa jina refu kama treni ya shaba. Katika familia nyingi za hapa mtoto alikuwa Petro kanisani na mtu mwingine ofisini. Sisemi kwamba majina ya babu zetu ni mabaya. Nami ninalo, nalipenda. Lakini fikirini: mtu anayejiongezea cheo kila mara huona kwamba ana haki hata juu ya jina alilopewa mwenzake mbele ya Mungu. Marshali huyo alikimbia nchi Mei 1997. Waliokuwa wakija nyuma yake waliitwa Wadogo.

Pamoja na makadogo lilikuja neno jingine, ambalo watu wa Lubumbashi hawakulizoea kambini: afande. Jeshi letu lilikuwa limezoea Lingala na Kifaransa. Neno hilo limesafiri sana. Waturuki waliliita efendi, nao walilitwaa kwa Wagiriki. Wamisri wakalipata kwa Waturuki. Na mwaka 1889 Wajerumani walipoajiri askari wa Kisudani huko Kairo ili kupigana pwani ya Tanganyika, likaingia katika Kiswahili pamoja na ombasha na shaushi. Maana yake ni bwana tu. Waingereza nao wakalifanya cheo katika jeshi lao la Afrika Mashariki, na mmoja aliyepewa cheo hicho, mwaka 1959, ni Idi Amin wa Uganda. Mwaka 1975 alijifanya fildi-marshali, akajiita pia mshindi wa Dola ya Waingereza. Aprili 1979 aliondolewa Kampala na jeshi la Tanzania, ambalo Amiri Jeshi Mkuu wake aliitwa na watu wote Mwalimu. Mimi nami naitwa mwalimu kila siku, lakini heri ninyamaze hapo, nisije nikajipandisha cheo.

Sasa tuje kwenye majina ya utani.

Si kila jina la utani ni baya. Bwana wetu mwenyewe aliwapa wanafunzi wake. Simoni alimwita Mwamba. Yakobo na Yohane aliwaita Boanerge, maana yake wana wa ngurumo, na ukisoma Injili waona sababu: kijiji cha Wasamaria kilipokataa kuwapokea, ndugu wawili hao walitaka moto ushuke toka mbinguni ukiteketeze. Bwana akawakemea. Nadhani aliwapa jina hilo kama mganga anavyotaja ugonjwa ili mgonjwa aujue. Aliwajua, akawapenda, akawaita kwa hasira yao ili waitawale.

Jina la vita lafanya kazi iliyo kinyume. Lamfunika mtu, asijione. Zamani Stanley alipopasua njia kando ya mto chini huko, watu walimwita Bula Matari, mvunja mawe. Baadaye jina hilo likahama, likawa jina la serikali nzima. Bula Matari anataka kodi. Bula Matari anataka wabeba mizigo. Mtu mwenyewe alikufa London mwaka 1904, lakini jina lilibaki likichapa watu viboko. Ungemshitaki nani? Jina halina shingo.

Hapa hapa Katanga, wakati wa Tshombe, kulikuwa na mamluki wazungu, ambao watu waliwaita Les Affreux, maana yake watu wa kutisha, na wengine wao walilifurahia jina hilo. Jandarma wa Katanga waliokimbilia Angola walirudi wakiitwa Chui-milia, Tigres, jina la mnyama ambaye katika msitu wetu wote hajawahi kuonekana. Mwaka 1964 waasi wa mashariki walijiita Simba. Waliamini kwamba dawa ya Mulele itageuza risasi za maadui kuwa maji. Simba hana mama anayemjua, hana katekismu, hana amri ya tano. Ndiyo faida yake.

Nikisoma Injili ya Marko, sura ya tano, huwa nasimama mahali pamoja. Bwana anamkuta mtu mwenye pepo akikaa makaburini, uchi, akijikata kwa mawe. Anamwuliza jina lake. Na yule mtu hawezi kujibu kwa jina alilopewa na baba yake. Anajibu kwa jina la kikosi: Legioni, kwa kuwa walikuwa wengi. Legioni lilikuwa jeshi la Warumi la askari elfu tano au sita. Ndani ya mtu mmoja pamejaa kambi nzima, na mwenyewe hayumo. Bwana alipokwisha kumponya hakumpeleka kwenye kikosi kingine. Alimtuma nyumbani kwao, kwa watu wake.

Mwenye heri Anuarite Nengapeta twamjua sote. Tarehe 29 Novemba 1964 Simba waliwachukua masista wa Bafwabaka, wakawapeleka Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, koloneli wao mmoja, Pierre Olombe, alitaka kumtwaa kwa nguvu. Alikataa. Koloneli akamwua. Yeye, katika kufa kwake, alimsamehe, akasema kwamba hajui analolifanya. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na siku hiyo naye akatamka msamaha kwa muuaji. Huwezi kumsamehe Simba. Simba ni mnyama. Huwezi kumsamehe koloneli kwa kuwa ni koloneli. Alisamehewa mtu, aliyezaliwa na mwanamke, mwenye jina.

(Nisifiche neno moja linalonisumbua mimi mwandishi wa vitabu vya parokia. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Sista aliyeandikisha watoto shuleni alikosea, akamwandika binti Nengapeta kwa jina hilo, likabaki. Kanisa lote lamwomba leo kwa jina lililotokana na kosa la kalamu. Basi tuwe waangalifu na vitabu vyetu, lakini tusidhani kwamba Mungu asoma humo.)

Na katika siku zetu, yupo mtu wa mashariki aliyejulikana dunia nzima kwa jina la sinema, Terminator, yaani Mwangamizi, na kwa cheo cha jenerali. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimwona ana hatia tarehe 8 Julai 2019, na Novemba mwaka ule ule ikamhukumu kifungo cha miaka 30. Hukumu yenyewe imeandikwa kwa jina lake: Bosco Ntaganda. Hapa Lubumbashi, ambako Wasalesiani wa Don Bosco wamekuwa wakilea vijana tangu mwaka 1911, jina hilo latushtua. Moja ya makosa yake ni kuwaingiza jeshini watoto walio chini ya miaka 15. Alibeba jina la mtakatifu aliyewaokota watoto barabarani awafundishe kazi, naye akawaokota awape bunduki. Yamkini kama watu wangemwita Bosco kila siku, jina lenyewe lingemsumbua. Sijui. Nafikiri ndiyo sababu mojawapo ya watu kujitafutia jina jingine.

Hapo ndipo narudi kwa rafiki yangu wa duka la vyuma. Amenipa ruhusa kuandika, mradi nisimtaje.

Baada ya siku ile ya daftari alirudi peke yake jioni, kabla ya kwenda zamu. Nilimwambia kwamba nitahitaji cheti chake cha ubatizo kutoka Kivu, na kwamba nitaliandika jina lililo ndani yake. Nilidhani atafurahi. Akakaa kimya. Kisha akaniambia maneno ambayo sikuyatazamia.

"Mwalimu, mimi nilichukuliwa nina miaka 12. Yale yaliyofanyika njiani, toka kule hadi Kinshasa, Kadogo ndiye aliyeyafanya. Lile jina jingine alinipa mama yangu. Lile halijaua mtu. Ukiliandika na kulisoma, yale mambo atayabeba nani?"

Ndugu zangu, seminari haikunifundisha jibu la haraka. Nilijua kwamba Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya Gaudium et Spes, namba 79, wasema utii wa upofu haumwondolei hatia anayetekeleza amri ya kuangamiza watu. Nilijua pia kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, ibara ya 28, yasema hakuna anayelazimika kutii amri iliyo haramu waziwazi. Hayo ni maneno mazuri sana kwa koloneli. Lakini mvulana wa miaka 12, mwenye njaa, aliyenyweshwa pombe au kuvutishwa bangi, akiwa na bunduki mgongoni na mkubwa nyuma yake, amri haramu ataijuaje, na akiijua atakwenda wapi? Katekismu yetu yafundisha kwamba dhambi ya mauti yataka mtu ajue kamili na akubali kwa hiari. Nilimwambia hayo. Akatikisa kichwa. "Wewe wanitetea," akasema. "Sikuomba unitetee. Nimekuuliza nani atayabeba."

Nikampeleka kwa paroko. Padre alimsikiliza muda mrefu, na waliyosemezana katika kitubio si yangu kuyajua. Ila neno moja Padre alilisema mlangoni, mbele yangu: "Mwanangu, Kadogo hakubatizwa. Nikimwondolea dhambi Kadogo, nimemwondolea nani?" Yule mtu akaondoka bila kujibu. Wiki mbili hakuonekana Misani, nami nikadhani tumempoteza.

Wakati huo nilikuwa nikitafuta cheti. Parokia yake ya Kivu iliwahi kuporwa zaidi ya mara moja, lakini kitabu cha mwaka ule kilipona, na katekista mwenzangu wa huko alinitumia picha ya ukurasa kwa simu. Nilikwenda dukani usiku kumwonyesha. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, mgongo kwangu, redio sikioni. Nikamwita kwa jina lililoandikwa. Hakugeuka. Nikaita mara ya pili, kwa sauti. Alitazama upande wa barabara, kuona ni nani anayeitwa.

Nikamsomea: jina lake, jina la baba, jina la mama, jina la msimamizi, tarehe. Alipolisikia jina la msimamizi alisema, "Huyo alikuwa fundi baiskeli." Halafu akaniomba nimsomee tena.

Likabaki jambo la matangazo, nalo lilitusumbua. Matangazo ya ndoa yana kazi yake: kila aliye na neno la haki juu ya ndoa hiyo, alilete. Tukisoma jina la ubatizo peke yake, katika parokia nzima hakuna atakayejua ni nani huyo, na tangazo litakuwa bure. Tukisoma Kadogo, watu wote watajua, lakini tutakuwa tumemfunga tena kwa kamba ile ile tuliyotaka kuifungua, tena mbele ya altare. Padre alielekea kusoma la ubatizo tu. Mimi nilitaka yote mawili, kisha nikaona haya, maana mimi ndiye niliyeandika Kadogo toka mwanzo. Mzee ajida, tulipomshauri, alisema mtu mwenyewe aulizwe. Ajabu ni kwamba sisi wasomi wawili hatukuwa tumelifikiri hilo.

Akaulizwa. Akafikiri siku tatu. Akaja na jibu: "Someni yote mawili. Mimi sijifichi tena. Lakini la mama yangu litangulie."

Jumapili ya kwanza, baada ya sala ya Komunyo, nilisimama mbele na karatasi. Nilisoma jina lile la ubatizo na jina la wazazi wake. Kanisa likakaa kimya, watu wakatazamana. Kabla sijafika kwenye jina la pili, mtoto wake mdogo, aliyekuwa benchi la mbele mapajani mwa mama yake, aliuliza kwa sauti iliyosikika mpaka altareni:

"Mama, huyo ni nani?"

Mama yake akamfunika kinywa kwa mkono. "Nyamaza," akasema. "Ni baba."